Kuhubiri bila kudanganya: vile mtini wa Luka 13 ulinirudisha kanisani



Wiki iliyopita mwenzangu mmoja wa promosio aliniuliza: "We uko agronomu, sasa kwa mimbari unafanyaka nini? Na bile unasemaka pale, unabiamini kweli?" Tulikuwa ndani ya taksi, watu sita tumebanana, na dereva alikuwa amepunguza sauti ya redio kusudi asikie jibu. Nilijibu maneno mawili matatu, kiisha nikashuka. Leo ninamujibu kwa urefu, juu najua wengi wenu muko na swali lile lile. Nitaeleza vile mahubiri yanatayarishwa, yanatoka wapi, na kwa nini kwangu ni kazi ya kutafuta kuliko kazi ya kutangaza. Lakini lazima nianze na kosa langu mwenyewe. Bila hilo hamtaelewa kitu.

Nilikuwa mwaka wa mwisho wa lisansi. TFE yangu ilikuwa juu ya mnyauko wa migomba, ule ugonjwa tunaita BXW. Mama yangu mdogo anakaa Kabare, na mwaka ule shamba lake la ndizi lilianza kufa. Kwa mwenye hajaona ugonjwa huo: majani yanageuka manjano na kulegea kama vile mtu aliyamwagia maji ya moto. Lile ua la chini ya mkungu linanyauka. Ndizi zinaiva mbele ya wakati, ukizipasua unakuta ndani rangi ya kutu. Ukikata shina na kungoja dakika chache, unaona usaha wa manjano unatoka. Ni bakteria. Ilitambuliwa kwanza Ethiopia mwaka 1968, kwa enseti, mmea wenye ni ndugu ya mgomba. Kwetu Congo ilionekana Masisi mwaka 2001. Inapita kwa panga, kwa wadudu wenye wanatembelea lile ua, na kwa machipukizi yenye yalitoka kwa shina la ugonjwa. Na kule Kabare mgomba si mchezo: ni chakula, ni kasiksi ya kupokea wageni, ni minervali ya watoto.

Jumapili moja nilikuwa kule kwa kusalimia. Alikuja mhubiri mgeni, sitasema wa kanisa gani. Alihubiri karibu saa mbili nzima juu ya laana. Katikati akasema kwamba humu kijijini kuna shamba lenye linakauka juu mwenye shamba anaficha dhambi. Hakutaja jina. Hakuhitaji, kijiji chote kilijua ni shamba la nani lilikuwa la kwanza kukauka. Akauliza: "Muko pamoja na mimi?" Watu wote wakajibu Amina. Na mimi, mwenye nilikuwa nimeandika kurasa nzima juu ya ile bakteria, nilisema Amina. Nilikuwa nimeikaa benchi moja na mama mdogo.

Sikuamini hata neno moja. Nilisema juu wote walisema, na juu nilikuwa kijana mgeni wa mji mbele ya wazee. Ni ile Amina inatoka yenyewe, sawa vile mtu anaitika simu.

Wiki zilizofuata wamama wa likelemba walianza kumupita mbali. Hakuna mwenye alimukopesha tena panga. (Kwa upande wa ugonjwa, kutokukopeshana panga ni jambo zuri sana, lakini wao hawakufanya vile juu ya bakteria.) Niliporudi kumutembelea na karatasi zangu, nilimueleza yote: kukata ile shina yenye iko mgonjwa peke yake, kuondoa lile ua kwa kijiti chenye matawi mawili pasipo kutumia chuma, kupitisha panga kwenye moto au kulisafisha na odejaveli kabla ya kugusa shina lingine. Alisikiliza mpaka mwisho. Kiisha akasema: "Ile siku na weye ulisemaka Amina. Nilikusikia. Kama ulijua, juu ya nini haukusema?"

Sikuwa na jibu. Tangu siku ile niliacha kwenda kanisani, karibu mwaka moja na nusu. Watu walifikiri ni masomo yamenigeuza, kwamba siyansi imeniondolea imani. Si kweli. Nilikuwa na haya. Kila mara mhubiri aliinua sauti, mimi niliangalia ni nani kwenye benchi anapigwa.

Sasa tuingie kwa jambo lenyewe. Sisi tumezoea kufikiri kwamba mhubiri ni mtu mwenye iko na majibu, na kazi yake ni kuyamwaga. Lakini fungueni Biblia yoyote ya Kiswahili, mtafute kitabu chenye kinaitwa Mhubiri. Kiko na sura 12 tu, kinakuja nyuma ya Mezali. Jina lake la Kiebrania ni Qoheleti, maana yake karibu ni mtu mwenye anakusanya watu, na kutoka pale wafasiri wetu wakaandika Mhubiri. Kwa hiyo mtu wa pekee mwenye Biblia yetu inamupa hilo jina likawa jina la kitabu, ni nani? Ni mtu mwenye anatafuta na kuuliza tangu sura ya kwanza mpaka ya mwisho. Alijaribu divai, alijaribu kicheko, alijenga nyumba, alipanda mizabibu na miti ya matunda ya kila namna, akachimba mabirika ya kumwagilia ile miti (hapa agronomu ndani yangu anafurahi). Alijaribu pia elimu, na akakuta kwamba mwenye kuongeza maarifa anaongeza na huzuni. Sisi wenye tulimaliza masomo na tunazunguka na dosiye kwapani, hiyo sehemu hatuhitaji mtu atufasirie. Aliona mwenye haki anapatwa na mambo ya mwovu, na mwovu anakufa mzee, na hakuficha. Hiki kitabu kingali ndani ya Biblia. Wazee wenye waliikusanya hawakukitupa.

Niligundua hiki kitabu wakati sikuwa naenda kanisani. Nilikisoma usiku moja, umeme ukiwa umekatika, kwa simu yenye ilikuwa na betri kidogo. Sikuokoka mara ya pili. Niliona tu kwamba inawezekana kuwa ndani ya nyumba ya Mungu na kusema wazi bile mtu anaona.

Mtu mwingine mwenye alinisaidia ni Mwafrika wa zamani, Agostino. Alizaliwa Tagaste mwaka 354, kwenye inchi yenye leo tunaita Algeria. Alikuwa profesa wa ufundi wa kusema, na kazi hiyo ilimufikisha Milano mwaka 384. Kule askofu Ambrozi alikuwa na sifa ya kuhubiri vizuri. Agostino alikwenda kumusikiliza kama vile fundi anakwenda kuangalia kazi ya fundi mwenzake: vile anapanga maneno, vile anapumzika, vile anaanza. Mambo yenyewe yenye yalikuwa yanasemwa hayakumuhusu. Lakini yeye mwenyewe alikuja kueleza kwamba pamoja na yale maneno mazuri yenye alikuwa anapenda, maana pia iliingia pole pole, hata hakujua ni saa gani. Alibatizwa Pasaka ya mwaka 387. Kiisha alirudi Afrika, akakuwa askofu wa Hipo, akahubiri mpaka alipokufa mwaka 430. Mahubiri yake zaidi ya 500 yangali yanasomwa leo. Wakati ule askofu alihubiri akiwa ameikaa na watu wamesimama, na watu hawakunyamaza: walipiga makofi, walilalamika, walisaidia kumalizia andiko. Karibu sawa na kwetu.

Huyo Agostino aliandika pia kitabu juu ya mafundisho ya Kikristo, na sehemu yake ya nne ni juu ya kuhubiri. Mle anasema mambo mawili yenye yalinishangaza. Ya kwanza, mhubiri awe mtu wa kuomba mbele ya kuwa mtu wa kusema. Ya pili, mtu mwenye hana akili ya kutunga mahubiri anaweza kujifunza kwa kichwa mahubiri ya mwingine mwenye anaweza, akayasema. Nilikuwa nimejitayarisha kuwaambia kwamba ndugu zetu wenye wanachukua mahubiri yote ya YouTube, hata kikohozi cha mwenye kuhubiri, ni wezi. Agostino ananizuia. Basi nitasema tu hivi: Agostino alitaka maneno yawe ya kweli na maisha ya mwenye kuyasema yafanane nayo. Mtu mwenye analipisha nyumba Kadutu na deni ya miezi minne, akihubiri kwa sauti ya mtu mwenye iko na ndege, pale ni shida.

Kwa namna ya kazi, makanisa yetu hayafanani. Kwa Wakatoliki, padri hachagui andiko la Jumapili: kuna mzunguko wa miaka 3, mwaka A, B na C, na masomo yamepangwa. Ana dakika kumi au kumi na tano za kueleza yale yenye yamesomwa. Uzuri wake ni kwamba andiko gumu litamufikia tu, hata kama hataki. Kwetu Waprotestanti, na zaidi kwenye makanisa ya uamsho, mhubiri anachagua mwenyewe. Uzuri ni uhuru. Hatari ni kwamba mtu anaweza kuhubiri miaka kumi akizunguka mistari yake ishirini yenye anapenda, na ile ingine haifunguliwi. Kuna mwenye anachukua kichwa cha habari kwanza (baraka, ndoa, adui), kiisha anatafuta mistari ya kukitegemeza. Kuna mwenye anachukua andiko na kulifuata mstari kwa mstari. Mimi nimechagua njia ya pili, si juu ya utakatifu, ila juu inanizuia kudanganya. Andiko likikupinga, kila mtu kanisani analiona mbele yake.

Nirudi kwa historia yangu. Nilimaliza, nikapata diplome, na miaka 3 ikapita bila kazi. Nilidepoza dosiye mpaka nikajua walinzi wa milango kwa majina. Pole pole nilirudi kwenye ibada, nikawa nimeikaa nyuma karibu na mlango. Siku moja kiongozi wa vijana akanifuata: "Jumapili ya vijana ni weye utahubiri. Dakika makumi mbili. Uko musomi, utatusaidia."

Nilikataa mara mbili. Wengine watasema ni unyenyekevu, lakini ilikuwa woga. Ilinikumbusha habari ya Simon Kimbangu, mwenye 6 Aprili yake sasa ni siku ya mapumziko kwenye inchi yetu. Watu wengi wanajua miujiza ya Nkamba mwaka 1921. Wachache wanajua kwamba wito ulimufikia mapema, mwaka 1918, naye akaukimbia, akaenda Kinshasa kutafuta kazi kama sisi wote. Aliporudi na kukubali, alihubiri miezi michache tu. Septemba 1921 alifungwa, akahukumiwa kifo, mfalme Albert akageuza ile hukumu kuwa kifungo cha maisha, na akapelekwa Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mpaka alipokufa gerezani 12 Oktoba 1951. Miezi michache ya kusema, miaka 30 ya kunyamazishwa. Sijilinganishi naye hata kidogo. Nilijiuliza tu: mimi ninaogopa dakika makumi mbili?

Kwa hiyo nilikubali, na nikatayarisha mahubiri mabaya sana. Kichwa: "Mwaka wako wa mavuno." Nilikuwa na mistari saba, hadithi mbili za WhatsApp, na mwishoni ahadi kwamba kila mwenye hana kazi ataipata mbele ya Desemba. Niliisoma kwa sauti ndani ya chumba changu. Pale kwa Desemba sauti ilikauka. Ni mimi mwenyewe sikuwa na kazi. Nilikuwa nimeandika ahadi kwa jina la Mungu bila Mungu kunituma, sawa na yule mhubiri wa Kabare. Tofauti ni kwamba yangu ilikuwa tamu.

Nilikwenda kumuona mchungaji mmoja mzee, mwenye amekwisha kupumzika kazi. Nilifikiri atanipa mpango. Aliniuliza tu andiko gani linanisumbua. Nikamwambia Luka 13. Akasema: "Soma mbele yangu." Nikasoma. "Tena." Nikasoma tena. Mara ya tatu akanisimamisha: "Pale, umepita mbio. Juu ya nini?"

Mwenye hakumbuki, sura inaanza na habari mbaya. Watu wanakuja kumueleza Yesu kwamba Pilato aliua Wagalilaya wakati walikuwa wanatoa sadaka. Yesu anaongeza habari ingine: mnara wa Siloamu ulianguka, ukaua watu 18. Kiisha anauliza kama wale walikuwa wenye dhambi kupita wengine wote wa Yerusalemu, na anajibu hapana. Hapa nilikuwa nafurahi sana, juu ni jibu lenye nilitaka kumupelekea mama mdogo. Ni swali lenye tuliuliza pia kwetu, ile Mei 2023, wakati maji na matope yalishuka kwa Bushushu na Nyamukubi, kule Kalehe, siku ya Alhamisi tarehe 4, na zaidi ya watu 400 wakafa. Nilisikia kwa masikio yangu watu wakisema kwamba lazima kulikuwa kitu kule. Lazima walifanya kitu. Yesu anasema hapana.

Lakini haishii pale. Anawageukia wenye walileta habari, anawaambia kwamba wasipotubu wao pia wataangamia. Anasema vile mara mbili. Hapo njo nilikuwa napita mbio. Sikuona namna ya kuhubiri lile neno mbele ya watu wenye tayari wamechoka kuhukumiwa.

Mzee akaniuliza: "Ile neno anaambia nani? Anaambia maiti ya Siloamu?" Nikasema hapana, anaambia wenye walikuja kueleza. Akanyamaza. Muke wake akaleta chai. Tulikunywa, akaanza kuniuliza habari za bei ya maharagi, na sikumujibu vizuri, juu kichwa changu kilikuwa kule Kabare kwenye ile benchi. Katika ile habari mimi nilikuwa mtu gani? Sikuwa mnara, sikuwa mwenye alifunikwa na mawe. Nilikuwa kati ya wenye wanakuja kusimulia wafu wa wengine. Wito wa kutubu ulikuwa unanitafuta mimi mwenye nilisema Amina.

Hii njo ninaita kutafuta. Nilikuwa nimechukua andiko kama silaha ya kupiga yule mhubiri mgeni, likanigeukia. Nafikiri mahubiri yenye haijafika pale bado haijaiva, hata kama iko na mpango mzuri. Wengine watanipinga, watasema Roho anapatia mtu neno pale pale. Sikatai. Nimeona wazee wenye hawakusoma shule kubwa wakisimama bila karatasi na kusema mambo yenye ilinifanya nilie. Lakini ukiangalia vizuri, yule mzee amebeba lile neno ndani ya maisha yake miaka makumi tatu. Matayarisho yake ni marefu kuliko yangu.

Nyuma ya mnara, Luka anaweka mara moja mfano wa mtini. Mwenye shamba amekuja miaka 3 kutafuta matunda, hakupata, anataka ukatwe juu unaharibu udongo bure. Mtunzaji anaomba: uache mwaka huu tena, nitachimba kuuzunguka na kutia samadi. Wandugu, nilisoma agronomia miaka mitano na sikujua kwamba Biblia iko na mtaalamu kama huyu. Kuchimba kuuzunguka ni kulegeza udongo wenye umekaza, kusudi maji na hewa vifikie mizizi. Samadi yenye imeoza vizuri inafanya kazi pole pole, haina haraka kama mbolea ya mfuko. Mtu mwenye anaomba mwaka mmoja tu kwa kazi kama hiyo, anaomba kidogo. Na hakuna mahali anaupa ule mti kosa. Anaangalia udongo. Na kazi anaichukua yeye mwenyewe, mti hauambiwi ujitie samadi.

Kiisha hadithi inakatika. Luka haelezi kama ule mti ulizaa. Nilitafuta kwenye mistari ya nyuma, hakuna kitu. Yesu anaonekana ndani ya sinagogi siku ya sabato na mama mwenye mgongo umepinda miaka 18. Pale jaribu likanirudia: miaka 3 ya mtini, miaka 3 yangu ya shomaji. Ingekuwa rahisi sana kusema mwaka wa nne ni wetu! Kanisa lingeruka. Niliandika ile sentensi, nikaifuta, nikaiandika tena, nikaifuta.

Kulibaki jambo moja. Nilitaka kusema ile habari ya Amina mbele ya watu, lakini haikuwa habari yangu peke yangu. Hapa ninawaomba ninyi wenye mnatoa ushuhuda: maisha ya ndugu zenu si mali yenu. Nilipanda motari mpaka Kabare. Mama mdogo alikuwa anapalilia. Nilimuomba msamaha kwanza, jambo lenye sikuwa nimelifanya miaka yote ile. Nilikuwa nimemuletea maelezo tu. Kiisha nikamuomba ruhusa. Alifikiri kidogo, jembe mkononi. "Sema. Lakini usitaje jina yangu. Na usilie pale mbele, mutu akilia batu banaangalia machozi, habasikilize."

Jumapili ilifika. Nilihubiri dakika makumi mbili na mbili, sauti ya kawaida, mikro ikikatika kila mara. Nilisoma andiko lote, nikaeleza mnara, nikasema kosa langu bila kutaja mtu wala mahali, nikaeleza samadi (wababa wenye wako na mashamba waliamka hapa), na nilipofika mwisho nikasema kwamba sijui kama mtini ulizaa, juu haikuandikwa, na kwamba mimi mwenyewe niko kwenye ule mwaka na ninaendelea kuomba. Nikaikaa. Kulikuwa kimya kirefu chenye kilinitisha. Korale ilichelewa kuanza.

Kiisha ibada, kijana mmoja aliniambia: "Mukubwa, ilikuwa muzuri, lakini ilikosa upako. Ungemalizia na unabii." Baba mmoja alinishika mkono akaniuliza kama samadi ya mbuzi inafaa kwa maparachichi. Nilimwambia inafaa ikioza. Na dada mmoja, mwenye simujui vizuri, alikuja wakati watu wamekwisha kutoka. Alisema mtoto wake alikufa na homa, na jamaa ya bwana wake walimuambia ni yeye alileta ile kifo. Aliuliza kama lile neno la mnara liko kweli ndani ya Biblia yake pia, ama ni kwa yangu tu. Tulifungua Biblia yake, tukalipata. Alikunja kona ya ukurasa, akaondoka.

Kwa hiyo ndugu yangu wa taksi, ukiniuliza tena kama ninaamini, nitajibu ndiyo, lakini si kila siku kwa kipimo kile kile. Kuna wiki ninatayarisha na mashaka yakiwa mengi kuliko andiko. Siku hizo ninahubiri yale yenye nimeona tu, na ninaacha mengine kwa mwenye ameyaona. Watu hawakasiriki vile nilikuwa nafikiri.

Kazi bado sijapata ile ya diplome. Ninasaidia wakulima fulani kupanga upya mashamba yao ya ndizi, wananilipa kwa mikungu mara nyingi kuliko faranga. Shamba la mama mdogo, tulikata mashina yote yenye ugonjwa, tukangoja miezi 6 bila kupanda mgomba pale, tukarudisha machipukizi safi. Wamama wawili wa likelemba wamerudi kumusalimia. Wengine hapana.

Mwezi ujao nimepewa tena Jumapili moja. Nimechagua Zaburi 88, ile yenye inamalizika ndani ya giza bila kugeuka kuwa shukrani kama zingine. Nimeisoma mara tano na sijapata mahali pa kuingilia. Mwenye amekwisha kuihubiri kati yenu, aniandikie mbele ya tarehe 10, juu karatasi yangu ingali tupu.